Vincent de Paul: Mwana Aliyemwonea Babaye Haya

Katika shule nyingi za bweni za Kikatoliki nchini Kenya, mabweni hupewa majina ya watakatifu. Kila bweni huwa na msimamizi wake, ambaye baadhi ya waumini humwita somo, na kila mwaka sikukuu yake inapowadia wanafunzi wa bweni hilo huamka mapema kuliko wenzao. Ua hufagiwa, nyimbo za Misa huongozwa na bweni lenye sherehe, na chakula huliwa kwa pamoja bila kujali nani yuko kidato gani. Kisha hukusanywa sabuni, unga, sukari na nguo zilizochangwa kwa majuma kadhaa, zikapelekwa kwenye makao ya watoto yatima au kwa wagonjwa walio jirani na shule. Bweni lenye jina la Vincent de Paul, au Vinsenti wa Paulo kama anavyoitwa katika liturujia ya Kiswahili, hufanya hivyo tarehe 27 Septemba.

Hata hivyo, si haba wanafunzi ambao hulala chini ya jina hilo miaka yao yote ya shule na kuondoka wakijua jambo moja tu kulihusu, kwamba mwenye jina aliwapenda maskini. Hilo ni kweli, ila ni mwisho wa hadithi uliotengwa na mwanzo wake. Vincent de Paul hakuzaliwa akiwapenda maskini. Alizaliwa maskini, akaukimbia umaskini kwa kasi yote aliyojaliwa, na alipokuwa mwanafunzi wa bweni alikataa kutoka nje kuzungumza na babake kwa kuwa mzee huyo alikuwa mkulima aliyevaa vibaya. Ili kuelewa ni kwa nini jina lake limewekwa mlangoni pa bweni, sharti safari yake ifuatwe tangu kwenye aibu hiyo.

Mchungaji wa Pouy

Vincent alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Babake aliitwa Jean de Paul na mamake Bertrande de Moras. Alikuwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Ardhi ya eneo hilo ilikuwa ya mchanga na vinamasi, na chakula cha wanakijiji kilikuwa hasa uwele uliopikwa chunguni. Vincent alichunga kondoo na nguruwe wa babake, na lugha aliyolelewa nayo ilikuwa Kigaskoni, lugha ya watu wa kwao, wala si Kifaransa cha mabwana wa Paris.

Jean de Paul aliona kwamba mwanawe huyu alikuwa na akili nyepesi. Katika Ufaransa ya wakati ule, mtoto wa mkulima hakuwa na ngazi nyingi za kupandia. Mojawapo ilikuwa upadre, kwani padre aliyebahatika alipata cheo chenye mapato, na mapato hayo yangewainua wazazi na ndugu. Kwa hivyo, mnamo mwaka 1595 mzee huyo alimpeleka Vincent katika shule ya watawa Wafransisko mjini Dax, akikubali kulipa karo ya livre 60 kwa mwaka. Kwa mkulima wa Pouy fedha hizo hazikuwa kidogo. Baada ya muda mzigo ulipungua, maana wakili mmoja wa Dax, bwana de Comet, aliyekuwa pia hakimu wa Pouy, alimchukua kijana huyo nyumbani kwake awafundishe wanawe.

Ni katika miaka hiyo ambapo elimu ilianza kumtenga Vincent na waliomzaa. Babake alikuwa akichechemea, na mavazi yake yalikuwa ya shambani. Walipotembea pamoja mjini, kijana aliona haya watu wamwone akiandamana na mtu wa namna hiyo na kumtambua kuwa ni babake. Siku moja mzee alifika shuleni. Vincent aliarifiwa kwamba babake, mkulima fulani, alikuwa akimsubiri. Akakataa kwenda.

Habari hizi hazikuenezwa na maadui zake. Vincent mwenyewe ndiye aliyezisimulia uzeeni, mbele ya watu walioheshimu kila neno lake, akikiri kwamba hapo alitenda dhambi kubwa. Kwa zaidi ya nusu karne, kisa cha mzee aliyekuja na kukataliwa kilikuwa kingali hai moyoni mwa mwanawe.

Babake hakumkatia tamaa. Mwaka 1597, Vincent alipokwenda Toulouse kusomea teolojia, mzee aliuza fahali wawili ili kumgharimia. Mwaka uliofuata akafariki, na katika wasia wake akaagiza kwamba masomo ya mwanawe yaendelezwe. Fahali ndio waliovuta jembe. Aliyewauza aliuza nguvu ya shamba lake.

Kukimbilia Cheo

Mwana aliyegharimiwa hivyo alikuwa na haraka. Mtaguso wa Trento, uliokutana kati ya mwaka 1545 na 1563, ulikuwa umeweka kanuni kwamba mtu asipewe upadre kabla ya kutimiza mwaka wa 24. Vincent alipadrishwa tarehe 23 Septemba 1600 na askofu mzee wa Périgueux, akiwa na umri wa miaka 19 tu. Alikuwa akiendesha shule ndogo ya bweni ili ajikimu, na mwaka 1604 akahitimu shahada yake ya teolojia. Kilichosalia kilikuwa kupata cheo.

Mwaka 1605 unafungua sehemu ya maisha yake yenye utata. Katika barua aliyomwandikia bwana de Comet mwaka 1607, Vincent alieleza kwamba alikuwa akisafiri baharini kutoka Marseille alipotekwa na maharamia, akapelekwa Tunis na kuuzwa sokoni kama mtumwa. Alihudumu chini ya mabwana mbalimbali, na hatimaye akatoroka pamoja na bwana wake wa mwisho, Mkristo aliyekuwa ameiacha dini yake. Wanahistoria wamegawanyika kuhusu simulizi hii. Wapo wanaoikubali, na wapo wanaoona kwamba kijana mwenye madeni alihitaji kisa cha kueleza alikopotelea. Lililo wazi ni kwamba uzeeni, alipopata habari kuwa barua hiyo ingalipo, aliomba sana irejeshwe kwake ili aiangamize. Haikurejeshwa, ndiyo maana ingali inasomwa.

Mwaka 1608 alifika Paris, akapanga chumba pamoja na hakimu mmoja wa kutoka kwao. Fedha za hakimu zilipopotea, Vincent alishtakiwa hadharani kuwa mwizi. Alikana, kisha akanyamaza, na ukweli ulidhihirika miaka mingi baadaye. Mwaka 1610 aliingia katika orodha ya makasisi wa Malkia Marguerite de Valois, na mwaka huohuo akamwandikia mamake kwamba alitarajia kupata mapato ya kutosha arudi nyumbani, amtunze na kumaliza siku zake karibu naye. Barua hiyo si ya mtu mbaya. Ni barua ya mwana aliyekumbuka deni la kwao na kuamini kwamba njia ya kulilipa ni yeye kupanda juu.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Pierre de Bérulle, padre mashuhuri wa Paris, alimwelekeza katika maisha ya sala. Mwaka 1612 alifanywa paroko wa Clichy, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Paris, na huko, miongoni mwa wakulima waliofanana na wale wa Pouy, akagundua kwamba alikuwa na furaha. Mwaka 1613 alihamia kwenye jumba la familia ya de Gondi kuwafundisha watoto wao. Philippe-Emmanuel de Gondi alikuwa jenerali wa merikebu za makasia za mfalme, na mkewe, Françoise-Marguerite de Silly, alimiliki mashamba makubwa yenye maelfu ya wakulima. Mtoto wa Jean de Paul sasa alikula kwenye meza za wakuu.

Chakula Kilichozidi

Mwaka 1617 ndio uliougawa uhai wake mara mbili. Mnamo Januari aliitwa kijijini Gannes kumsikiliza mkulima mmoja aliyekuwa mahututi. Mkulima huyo, aliyesifiwa na wote kuwa mtu mwema, alifichua katika maungamo mambo aliyokuwa ameyaficha kwa miaka mingi kwa kukosa padre wa kumfungulia moyo. Tarehe 25 Januari Vincent alihubiri katika kanisa la Folleville, akawahimiza watu waungame maisha yao yote. Walifurika hata ikabidi mapadre wengine waitwe kutoka mji wa Amiens. Vincent alitambua kwamba watu wa mashambani, waliozilisha familia za mijini na kulipa kodi za mfalme, walikuwa wameachwa hata na Kanisa lao.

Miezi michache baadaye aliliacha jumba la de Gondi kimyakimya, akaenda kuwa paroko wa Châtillon-les-Dombes, mji mdogo upande wa mashariki. Jumapili ya tarehe 20 Agosti 1617, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliarifiwa kwamba katika nyumba moja nje ya mji watu wote walikuwa wagonjwa, wala hapakuwa na wa kumpa mwenzake maji. Akaitaja familia hiyo katika mahubiri yake.

Alasiri alishika njia kwenda kuwaona. Njiani akakuta umati. Wanawake kwa makumi walikuwa wakienda na wengine wakirudi, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, wengine walikuwa wamekaa chini ya miti kando ya njia wapate kupoa. Kila mmoja alikuwa amebeba kitu. Alipofika nyumbani kwa wagonjwa alikuta chakula kingi kuliko watu wa kukila.

Mhubiri mwingine angerudi akifurahia nguvu ya maneno yake. Vincent aliona kasoro. Siku hiyo wagonjwa walikuwa na chakula cha kuwashinda, na kingine kingeoza. Baada ya siku chache wangerudia njaa yao. Huruma ilikuwa nyingi, ila haikuwa na mpango. Moyo wa kutoa ulikuwapo kwa kila mtu peke yake, na kwa hivyo kila mtu alitoa siku ileile, kitu kilekile, kisha akaenda zake akiwa ametosheka.

Tarehe 23 Agosti aliwakutanisha baadhi ya wanawake wa mji huo, wakakubaliana kuhudumu kwa zamu, kila mmoja siku yake. Kanuni za chama chao ziliidhinishwa tarehe 24 Novemba mwaka huohuo. Kanuni hizo hazikuishia kwenye mambo makubwa ya roho. Zilieleza mwenye zamu apike nini, amsalimu mgonjwa kwa uchangamfu, amwandalie meza ndogo kitandani, atandike kitambaa, amnawishe mikono na kusali naye kabla ya kumlisha. Ziliagiza kwamba aanze na mgonjwa aliye na mtu wa kumtunza na amalizie na asiye na mtu, ili apate kukaa na huyo wa mwisho kwa muda mrefu zaidi. Fedha zilikuwa na mweka hazina, na hesabu zilitolewa.

Huenda agizo hilo la kumalizia na mpweke ndilo linalodhihirisha zaidi aliyoyafikiri. Mtu anayegawa chakula ili amalize kazi huanza popote. Mtu anayejua kwamba mgonjwa ana njaa ya chakula na pia ya mwenzi wa kuzungumza naye hupanga njia yake.

Kurudi Kwao

Familia ya de Gondi ilimsihi arudi, naye akarejea mwishoni mwa mwaka huo, safari hii kwa masharti ya kuwahudumia wakulima wa mashamba yao. Mwaka 1619 aliteuliwa kasisi mkuu wa merikebu za mfalme, ambako wafungwa walifungwa minyororo na kupigishwa makasia. Ipo hadithi maarufu kwamba alijitia minyororo mahali pa mfungwa mmoja. Wanahistoria wengi huiona kuwa ngano iliyotungwa na mapenzi ya watu. Kazi yake halisi ilikuwa ya kila siku: kutafuta hospitali, chakula na utu kwa watu ambao wengine waliwaona kama mbao za merikebu.

Mwaka 1623, kazi hiyo ikiwa imemfikisha Bordeaux, alikwenda Pouy kuwatembelea jamaa zake. Alikaa siku kadhaa, akatembea nao kwa miguu mitupu hadi mahali pa hija pa Buglose, akala nao. Kabla ya kuondoka aliwaambia bayana kwamba wasitarajie mali kutoka kwake, kwani alichopata si chake bali ni cha maskini. Kisha akaondoka, na njiani akalia. Kwa takribani miezi mitatu wazo la ndugu zake lilimsumbua mchana na usiku. Alijua walivyoishi, na alijua pia kilichouzwa ili asome.

Msomaji anayetoka katika familia iliyouza ng'ombe ili mmoja wao asome hataupitia uamuzi huo kwa wepesi. Wapo watakaouona kuwa ukatili uliovishwa joho la utakatifu. Vincent mwenyewe alikuwa ameona mapadre waliotumia mali ya Kanisa kuwatajirisha jamaa zao, wala hakuona jamaa hao wakineemeka kwa hilo. Miaka mingi baadaye, vita vilipowafukarisha jamaa zake, aliwapelekea fedha ambazo rafiki yake alikuwa amezitoa kwa ajili yao. Hata hivyo, uamuzi wa 1623 ulimuumiza, na ni vyema ujulikane hivyo.

Kisa kingine kinaonyesha kwamba aibu ya ujana haikumtoka upesi. Alipokuwa tayari mkuu wa shirika mjini Paris, mpwa wake alifika mlangoni kutoka Pouy, amevaa mavazi ya mkulima. Vincent alipoarifiwa, wazo lake la kwanza lilikuwa aletwe kwa siri chumbani, asionwe na watu. Kisha akajikemea. Akashuka mwenyewe hadi barabarani, akamkumbatia, akamshika mkono na kumtambulisha kwa wenzake wote kuwa ndiye mheshimiwa wa ukoo wao, na wageni wenye vyeo waliofika siku hiyo wakatambulishwa kwake pia. Baadaye, mbele ya mkutano wa shirika lake, akaungama kwamba alikuwa ameona haya. Baba aliyekuja Dax hakuwahi kupokelewa hivyo. Ni mpwa aliyepokea salamu iliyochelewa.

Kazi ya Mikono Mingi

Kuanzia hapo maisha yake ni orodha ndefu ya kazi, na katika karibu kila kazi somo la Châtillon linaonekana. Tarehe 17 Aprili 1625, kwa mtaji wa livre 45,000 uliotolewa na familia ya de Gondi, alianzisha shirika la mapadre wa kuhubiri mashambani, lijulikanalo kama Shirika la Misioni. Mwaka 1632 lilihamia Saint-Lazare mjini Paris, makao yaliyokuwa zamani ya wakoma, na ndiyo sababu wanashirika huitwa pia Walazaristi.

Vyama vya huruma vilipoenea hadi Paris, tatizo jipya lilizuka. Mabibi wa tabaka la juu walikuwa tayari kutoa fedha, lakini wengi hawakuweza kubeba sufuria mitaani wala kumwosha mgonjwa, hivyo wakawatuma vijakazi. Suluhisho lilitoka kwa msichana wa mashambani, Marguerite Naseau wa Suresnes, mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma karibu peke yake kwa kuwauliza wapita njia maana ya herufi. Alijitolea kuwahudumia wagonjwa, na wasichana wengine wakamfuata. Alifariki mwaka 1633 baada ya kukilaza kitandani pake mgonjwa wa tauni. Mwaka huohuo, tarehe 29 Novemba, mjane Louise de Marillac aliwakusanya wenzake nyumbani kwake, na shirika la Mabinti wa Upendo likazaliwa. Wakati huo watawa wa kike walitarajiwa kuishi ndani ya kuta. Vincent na Louise waliwataka mabinti hawa waishi mitaani, nyumbani mwa wagonjwa na katika hospitali. Louise hakuwa msaidizi tu. Mipango mingi inayohesabiwa kuwa ya Vincent ilipita mikononi mwake kwanza.

Mwaka 1638 walianza kuwatunza watoto wachanga waliotupwa katika mitaa ya Paris. Kuanzia mwaka 1639, jimbo la Lorraine lilipoharibiwa na vita, fedha zilichangwa Paris na kupelekwa huko. Bradha Mathieu Regnard alizibeba mara nyingi akipita katikati ya majeshi na wanyang'anyi, akijifanya maskini asiye na kitu. Kisha taarifa za hali ya majimbo yaliyoteketea zilipigwa chapa na kusambazwa ili wenye mali wajue michango yao ilikwenda wapi na nini kilikuwa kingali kinakosekana. Mnamo mwaka 1652, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoifikisha njaa Paris, maelfu ya watu walilishwa supu kila siku.

Wanafunzi wa lugha wanaweza kupendezwa na jambo jingine. Wahubiri wa zama zake walipenda kupamba hotuba kwa Kilatini, Kigiriki na mafumbo ya washairi wa kale. Vincent aliwafundisha wenzake njia aliyoiita ndogo: eleza jambo ni nini, eleza kwa nini litendwe, kisha eleza namna ya kulitenda, yote kwa maneno ambayo mkulima anayaelewa. Hakuwa mtu asiyejua ufasaha. Bossuet, aliyekuja kuwa bingwa wa mahubiri nchini Ufaransa, alikuwa miongoni mwa makasisi waliohudhuria mikutano yake ya kila Jumanne. Kwake lugha ilikuwa kama chakula cha Châtillon: thamani yake ilipimwa kwa aliyekipokea, si kwa aliyekibeba.

Aidha, macho yake yalivuka bahari. Alituma wenzake Tunis na Algiers kuwahudumia na kuwakomboa mateka Wakristo waliokuwa watumwa. Mwaka 1648 mapadre wawili, Charles Nacquart na Nicolas Gondrée, walisafiri hadi Madagaska, katika Bahari ya Hindi hiihii inayopiga pwani ya Afrika Mashariki. Wote wawili walifia huko baada ya muda mfupi, na wengine wakatumwa.

Hakukosa mipaka. Kuanzia mwaka 1643 alikuwa katika baraza lililomshauri Malkia Anne kuhusu uteuzi wa maaskofu, na alikwenda ikulu na joho lake kuukuu. Mwaka 1649 alimkabili malkia akimwomba amwondoe Kadinali Mazarin ili vita viishe, hakusikilizwa. Hata hivyo, hakuupinga utawala wenyewe uliowatoza wakulima kodi hadi wakafilisika, na fedha nyingi alizogawa zilitoka kwa watu ambao utajiri wao ulitokana na jasho la maskini walewale. Anayesoma maisha yake leo ana haki ya kuuliza swali hilo. Ila akiuliza, aangalie pia kwamba alikataa kuwafanya maskini kuwa pambo la ukarimu wa matajiri.

Vincent alifariki tarehe 27 Septemba 1660, ameketi kwenye kiti chake, miezi sita baada ya Louise de Marillac. Papa Clement XII alimtangaza mtakatifu mwaka 1737, na mwaka 1885 Papa Leo XIII akamweka kuwa msimamizi wa vyama vyote vya matendo ya huruma. Kijiji cha Pouy sasa huitwa Saint-Vincent-de-Paul.

Sikukuu ya Bweni

Mwaka 1833, wanafunzi wachache wa chuo kikuu mjini Paris, akiwamo Frédéric Ozanam aliyekuwa na umri wa miaka 20, walichoshwa na midahalo isiyokwisha kuhusu imani na jamii. Wakaanzisha chama cha kuwatembelea maskini majumbani mwao, wakielekezwa na Sista Rosalie Rendu wa shirika la Mabinti wa Upendo, aliyeijua mitaa ya mafukara nyumba kwa nyumba. Walimchagua Vincent de Paul kuwa msimamizi wao. Chama hicho kimeenea duniani, Kenya ikiwamo, na sehemu ya mila za matendo ya huruma shuleni inachota katika kisima hicho.

Ni vyema basi bweni linapoiadhimisha tarehe 27 Septemba kwa nyimbo na michango. Kutoa ni moyo, walisema wahenga, usambe ni utajiri. Hata hivyo, msimamizi wa bweni hilo angekuwa na maswali yake. Angeuliza kama sukari iliyopelekwa kwa yatima Septemba ina mwenzake Februari. Angeuliza nani ana zamu juma lijalo, hesabu iko kwa nani, na kama wageni walikaa na mtoto asiyetembelewa na mtu au walipiga picha wakaondoka. Angeuliza pia kuhusu mwanafunzi wa bweni lenyewe ambaye sanduku lake halina kitu, kwa kuwa huruma inayovuka lango la shule bila kupita kitanda cha jirani imeruka hatua.

Na siku ya wazazi inapofika, mzee aliyeuza ng'ombe husimama langoni, viatu vyake vikiwa na vumbi la safari, mkononi ana mfuko wa ndizi. Mwanafunzi wa zamu hutumwa bwenini kumwita mwanawe. Vincent de Paul aliitwa hivyo siku moja mjini Dax, akabaki ndani, na kwa maisha yake yote yaliyosalia akawa anatoka nje kuwapokea maskini wa Ufaransa. Mwana wa mzee huyu ana njia iliyo fupi zaidi. Anahitaji tu kuteremka ngazi za bweni, kumpokea babake mfuko wa ndizi, na kumtambulisha kwa wenzake.